Nani Ameandika Zabuni Hii?

Jirani yangu hapa Woodley ana kampuni ya usafi. Nasema kampuni kwa sababu cheti cha usajili kipo, kimetiwa fremu na kuning'inizwa ukutani, lakini kwa kweli ni wanawake watatu, mashine moja ya kusugua sakafu na simu mbili. Wana pia cheti cha AGPO, ule mpango ulioanzishwa mwaka 2013 wa kuwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya kandarasi za umma. Jioni moja alinigongea mlango akiwa na faili nene la plastiki. “Mwalimu, wewe si ni mtu wa vitabu? Nisomee hii tenda kabla sijapeleka. Inafungwa Ijumaa saa nne.”

Nilidhani kazi yangu itakuwa kusahihisha nukta na mkato. Nikakaa mezani, nikatia chai, nikaanza ukurasa wa kwanza. Kufikia saa sita usiku nilikuwa nimegundua kwamba maandishi yale ni safi kuliko mengi ninayoletewa kuyahakiki. Hakuna kosa la tahajia. Aya zinafuatana. Lakini jirani yangu sikumwona humo ndani, hata mara moja. Asubuhi nilimuuliza nani ameandika. Akacheka. “Si mimi. Ni ile programu kijana wangu aliniwekea. Inanitafutia tenda kila asubuhi, halafu nikiipenda moja, inaijibu.”

Marekani na Uingereza programu za aina hii zinauzwa na kampuni kadhaa: unaipa akili unde habari za biashara yako, inapekua matangazo ya serikali za mitaa, inachagua yanayokufaa, inaandika majibu. Huku kwetu wengi hawalipii programu maalumu. Wanatumia hizi za kawaida za simuni, zile zile wanafunzi wanazoandikia insha. Kuna mengi ya kusema kuhusu uchumi wa jambo hili, lakini mimi nataka kulihakiki kama ninavyohakiki kitabu. Zabuni ni maandishi. Ina utanzu wake, ina msomaji wake, na mwisho wake kuna mtu anapewa kazi na mwingine ananyimwa. Ni diwani chache zenye uzito huo.

Woodley yenyewe ni mtaa unaoijua kandarasi. Wadi yetu inaitwa Woodley/Kenyatta Golf Course, iko eneo bunge la Kibra, na nyumba za zamani hapa zilikuwa za halmashauri ya jiji kabla ya kurithiwa na Kaunti ya Nairobi mwaka 2013. Mpango wa kuujenga mtaa upya kwa ghorofa nao ulikuja kwa njia ya makubaliano kati ya kaunti na kampuni binafsi. Taa ya barabarani, mtaro wa Joseph Kang'ethe Road, lori la taka, vyote viliwahi kuwa karatasi kabla ya kuwa vitu. Kwa hivyo mtu wa hapa akiuliza karatasi hizi zinaandikwaje, anauliza kwa nini mtaro wake umeziba.

Neno zabuni kwa Kiswahili cha zamani lilikuwa la mnadani: kuzabuni ni kutaja bei mbele za watu. Siku hizi tunataja bei ndani ya bahasha, au ndani ya mfumo wa kompyuta, lakini bado ni majibizano. Mmoja anauliza, wengi wanajibu, na kuna anayeamua. Waswahili hatuna haja ya kufundishwa utanzu huu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu kwa njia hiyo hiyo katika karne ya 19, na kurasa za mashairi kwenye magazeti yetu zimeendeleza mtindo huo miaka na miaka: fulani anatupa swali, fulani anatoka Kilifi au Tanga kumjibu. Na sheria ya kujibizana ni kwamba unamjibu aliyekuuliza, kwa bahari aliyoitumia, kwa vina vyake.

Zabuni nayo ina arudhi yake. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 imeiweka wazi. Kifungu cha 74, kwa mfano, kinataka tangazo la zabuni limwagize mzabuni kuzipa kurasa zake zote nambari kwa mfululizo. Si baadhi, zote. Halafu tathmini ina ngazi tatu. Ya awali huangalia kama hati za lazima zipo: cheti cha usajili, CR12 inayoonyesha wenye kampuni, cheti cha ushuru kutoka KRA, fomu zilizojazwa na kutiwa sahihi. Hapa jibu ni ndiyo au la. Ukipita unakwenda kwenye tathmini ya kiufundi, ambako unapewa alama. Ukipita tena ndipo wanalinganisha bei. Nathari yako, ile mashine imeiandika kwa ufundi, inasomwa kwenye ngazi ya pili. Wengi huanguka ya kwanza. Ni kama lile zogo la washairi wetu la miaka ya 1970, kati ya walioshikilia vina na mizani na waliotaka kuviacha. Afisi ya ununuzi iko na wanajadi. Ukikosa mizani, hakuna anayeuliza ulitaka kusema nini.

Sasa nianze na sifa, kwa sababu zipo. Katika kutafuta, mashine imefanya kazi nzuri. Tangu Julai 2018 taasisi za umma zimetakiwa kuchapisha kandarasi zao kwenye tovuti ya tenders.go.ke. Kuna pia magazeti, kuna jarida la serikali la MyGov, kuna tovuti za kaunti, na kuna ubao wa matangazo pale langoni ambao hausomwi na mtu isipokuwa askari wa zamu. Ni nani ana muda wa kupitia yote hayo? Zamani jirani yangu alikuwa anategemea mtu wa ndani. Mtu wa ndani anakupigia simu, “kuna kitu inatoka wiki ijayo,” na wewe unajua simu hiyo ina bei yake. Programu haimwombi chai. Inamwambia saa kumi na mbili asubuhi: kuna kazi ya usafi mahali fulani, imetengewa wanawake, inafungwa siku kumi zijazo, unahitaji hiki na hiki. Nyaraka za tenda za kurasa mia moja inamfupishia kwa dakika moja. Hii si kitu kidogo. Lile lango la kwanza, la kujua tu kwamba kazi ipo, limefunguka, na yeyote anayedharau jambo hilo hajawahi kusimama nje yake.

Sifa ya pili ni ya lugha. Katiba yetu, ibara ya 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Lakini nyaraka za zabuni huja kwa Kiingereza na hujibiwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Jirani yangu anaisimamia biashara yake yote kwa Kiswahili. Anapanga zamu, anagomba na wauzaji wa sabuni, anadai malipo, yote kwa Kiswahili, na hajakwama. Anakwama kwenye karatasi tu. Mashine inayomgeuzia maneno yake kwa lugha ya afisi imemwondolea kodi ambayo hakupaswa kutozwa hapo mwanzo.

Tatizo linaanza pale mashine inapoacha kugeuza maneno yake na kuanza kutunga ya kwake.

Hii hapa ni aya moja kutoka sehemu ya mbinu ya kazi. Naifasiri kutoka Kiingereza, na sijaizidisha chumvi: “Kampuni yetu itatumia mbinu jumuishi na endelevu ya usafi inayozingatia viwango vya juu vya ubora, usalama na ufanisi, huku ikishirikisha wadau wote katika kila hatua ya utekelezaji.” Nilimsomea jirani. Akatikisa kichwa, akasema, “Iko sawa. Inasound vizuri.” Nikamuuliza, hebu niambie wewe, hilo jengo utalisafisha vipi? Nikawasha kinasa sauti cha simu.

“Hapo kwanza ni maji,” akasema. “Maji hapa huja siku yakitaka. Kwa hivyo siku ya maji najaza madramu yote, nayafunika. Ngazi naanzia juu nikishuka, saa kumi na moja alfajiri, manake ukipiga deki saa mbili wanakanyaga, unarudia. Vyoo vya wageni ndivyo huharibika kwanza. Hapo naweka mtu mmoja, hafanyi kitu kingine. Na Jik siweki kwa terazo, inaikula, ukiweka mwaka mmoja sakafu inakuwa na mashimo madogo madogo na uchafu unakaa hapo. Watu wa afisi hawajui. Wanadhani sisi ndio wachafu.”

Linganisha. Katika maneno yake kuna maji, saa, mpango wa watu, maarifa ya dawa na sakafu, na sababu ya kila moja. Mtu wa kamati ya tathmini aliyewahi kusimamia jengo angeyatambua mara moja. Katika aya ya mashine hakuna hata kitu kimoja ambacho kinaweza kuwa kweli au uongo. Aya ile inafaa jengo la Woodley, la Lodwar na la Lunga Lunga, na ingefaa pia zabuni ya kuchimba kisima. Mimi nikipata hadithi iliyoandikwa hivyo naandika pembeni: mwandishi hajafika mahali anapopasimulia.

Kuna atakayenijibu kwamba hata kabla ya mashine mambo yalikuwa hivyo hivyo. Ni kweli, na lazima niseme. Nimeziona zabuni zilizopigwa chapa saiba, pale Adams na kwingineko, ambapo kijana ana faili moja la zamani na anabadilisha jina la kampuni tu. Mara nyingine anasahau kulibadilisha ukurasa wa 34, na unakuta kampuni ya maua inajisifu kwa uzoefu wake wa kuchomelea vyuma. Zabuni isiyo na mwandishi ni ya zamani kuliko akili unde. Tofauti ni kwamba kosa la saiba lilionekana. Ulilicheka, ukalirekebisha. Kosa la mashine limepigwa pasi, halionekani mpaka umjue mtu anayezungumziwa.

Na hapo ndipo niliposhtuka. Ukurasa mmoja ulisema kampuni ina “uzoefu wa zaidi ya miaka kumi” na “wafanyakazi 25 waliopata mafunzo.” Kampuni ina miaka minne. Wafanyakazi ni watatu, wakizidiwa wanaita vibarua kutoka Kibera, wasichana wazuri wa kazi lakini si 25. Nilimwonyesha. Hakushtuka kama mimi. “Hiyo ni lugha tu, Mwalimu. Wote huandika hivyo.”

Nimelifikiria sana jibu hilo. Wote huandika hivyo, na mashine imefunzwa kwa maandishi ya hao wote, kwa hivyo nayo huandika hivyo. Haikudanganya kwa nia. Iliona kwamba mahali kama hapa katika maandishi ya aina hii huwa pana idadi, ikaweka idadi. Lakini ukurasa wa mwisho unasainiwa na jirani yangu, kwa jina lake na nambari ya kitambulisho chake. Sheria hiyo hiyo ya 2015, kifungu cha 66, inakataza ulaghai katika ununuzi wa umma, na kifungu cha 41 kinaruhusu mzabuni kufungiwa nje ya kandarasi za serikali kwa muda usiopungua miaka mitatu. Hakuna kifungu kinachoifungia programu.

Wakubwa wenyewe wamejikwaa hapa. Mwaka 2023 huko New York, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili walipeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT na jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Mwaka 2025 Deloitte ya Australia ilikubali kuirudishia serikali ya nchi hiyo sehemu ya malipo ya ripoti iliyokuwa na marejeo yasiyokuwepo. Hao wana mawakili, wana jina, kesho wanarudi kazini. Mwanamke wa Woodley akifungiwa miaka mitatu, kampuni imekufa. Kwa hivyo ile hoja kwamba mashine inamsawazisha mdogo na mkubwa ina upande wake wa pili. Inawapa sauti moja, ila haiwapi kinga moja.

Kuna hati nyingine inayonisumbua zaidi, na sijaona watu wakiizungumzia. Katika nyaraka za kawaida za zabuni kuna fomu ambayo mzabuni anathibitisha kwamba bei yake ameipanga mwenyewe, bila kushauriana na washindani. Ni fomu ya kuzuia wafanyabiashara kukaa hotelini na kugawana kandarasi. Sasa chukua wazabuni kumi, kila mmoja ameiuliza programu ile ile swali lile lile: jengo la ghorofa nne, usafi mwaka mzima, nitaje bei gani? Hawajuani. Hawajawahi kukutana. Lakini wote wamekaa kwenye meza moja na mshauri mmoja, naye amewapa hesabu zinazofanana. Je, wameshauriana? Sahihi zao zinasema la. Mimi kama msomaji naona tarihi kumi zilizotoka kalamu moja. Kwa jirani, bei ndiyo sehemu pekee ya zabuni aliyokataa kuiachia mashine. “Bei naijua mimi,” alisema. “Nani atalipa wasichana ikikosea?” Kama mhakiki, nasema huo ndio ulikuwa ukurasa bora wa faili lote.

Tulikaa jioni mbili. Tulifuta miaka kumi tukaandika minne. Tulifuta 25 tukaandika watatu wa kudumu na vibarua wa siku. Ile aya ya mbinu jumuishi tuliitupa, tukachukua sauti yake kwenye simu, tukaiambia mashine iigeuze kwa Kiingereza bila kuongeza neno, na mimi nikaikagua mstari kwa mstari. Ilijaribu kuongeza “wadau” mara mbili. Tuliwatoa. Faili lilipungua kurasa, likaanza kunuka sabuni. Alhamisi nilimwambia, hii sasa ni yako, peleka. Ijumaa saa tatu alikuwa ameitumbukiza kwenye sanduku la tenda.

Barua ya masikitiko ilikuja baada ya wiki kadhaa. Sheria inataka walioshindwa waelezwe sababu, na sababu ilikuwa mstari mmoja: viambatisho havikuwa na nambari za kurasa. Zile kurasa zilizotoka kwa mashine zilikuwa na nambari zake safi. Lakini taarifa za benki na vyeti vilitolewa nakala saiba, vikabandikwa nyuma, na hakuna aliyevitia nambari. Mashine haikuviona kwa sababu havikupita kwake. Mimi niliyewaeleza hapo juu kuhusu arudhi sikuviona kwa sababu nilikuwa nasoma maana. Nilikuwa na haraka ya kuwa mwokozi wa nathari, nikasahau kuhesabu mizani. Angeweza kukata rufaa kwenye bodi ya mapitio ndani ya siku 14, lakini rufaa ina ada, na isitoshe, walikuwa na haki.

Nilimwomba msamaha. Akasema, “Mwalimu, hata ningeshinda, ningelipwa lini?” Si utani. Madeni ya Kaunti ya Nairobi kwa wakandarasi na wengineo, kwa ripoti za Msimamizi wa Bajeti, yamepita shilingi bilioni 80. Yaani huu ni utanzu ambao upande mmoja unaapa kwa kila ukurasa, na upande wa pili hujibu ukipenda.

Kuna wanaosema dawa ni kuipa mashine hata kiti cha hakimu. Septemba 2025 Albania ilitangaza “waziri” wa akili unde, Diella, wa kusimamia zabuni za umma ili kuondoa hongo. Hapa kwetu Hazina ya Taifa ilianza mwaka huo huo kulazimisha mfumo wa ununuzi wa kielektroniki, magavana wakapinga, suala likafika mahakamani. Mfumo unaoacha alama ya kila hatua mimi nautaka. Bahasha zimewahi kupotea mno. Lakini mashine ikiandika na mashine ikasoma, zile sentensi zisizo na kweli wala uongo zitapata alama nzuri, kwa sababu ndizo mashine inazozitambua kuwa zabuni. Maelezo ya terazo yatahesabiwa kuwa makosa. Tutapata majengo yaliyosafishwa vizuri sana kwenye karatasi.

Ushauri wangu kwa anayetumia programu hizi ni mfupi. Iachie kutafuta. Iachie kufasiri, ukiwa na mtu wa kukagua. Bei, idadi ya watu, miaka ya kazi na namna utakavyoifanya, hayo yatoke mdomoni mwako. Halafu hesabu kurasa kwa kidole, ukianza na viambatisho.

Jirani ameomba nyingine, safari hii ni usafi wa zahanati. Amenunua muhuri mdogo wa kupiga nambari, ule wa kuzungusha. Jana usiku niliusikia kupitia ukutani, tak, tak, tak, mpaka karibu saa tano.